Riwaya za bahari zisomwe kutoka juu ya chombo, si kutoka ufukweni

Mwanzisha uzi (Malindi, Unguja)

Assalaam alaykum, wenzangu.

Nimeufungua uzi huu kwa ajili ya riwaya za vyombo na mabaharia, kwa sababu naona zimedhulumiwa katika mazungumzo yetu ya vitabu. Mtu akitaja riwaya ya bahari, wengi hukumbuka Kisiwa Chenye Hazina, ile tafsiri ya kazi ya Robert Louis Stevenson iliyosomwa tangu enzi za ukoloni, na mazungumzo yakaishia kwenye maharamia na ramani. Mimi nazihesabu baadhi ya riwaya hizi kuwa miongoni mwa kazi nzito kabisa zilizowahi kuandikwa. Naamini pia kwamba msomaji aliyekulia Unguja au Pemba, anayejua tofauti ya pepo za kusi na kaskazi tangu utotoni na aliyewahi kuwasikia wazee wakibishana juu ya joshi na demani za tanga, anaweza kuziingia kwa urahisi ambao msomaji wa mbali na pwani hana.

Hoja yangu ni kwamba riwaya ya bahari husimama au huanguka kwa kazi ya chombo. Rangi ya maji, ukali wa mawimbi na uzuri wa machweo vinaweza kuandikwa na mtu yeyote aliyekaa Forodhani jioni. Kisa chenyewe huzaliwa kwingine: nani anashika zamu ya usiku, maji ya kunywa yamebaki mapipa mangapi, nani anamdai nani, nahodha anaficha hofu gani mbele ya watu wake, na watu wake wanasemaje juu yake wanapokuwa peke yao huko omo, mbele ya chombo.

Nitoe mfano wa Moby-Dick, riwaya ya Mmarekani Herman Melville iliyotoka mwaka 1851. Melville alikuwa na miaka 21 alipojiandikisha ubaharia katika meli ya kuwinda nyangumi iliyoitwa Acushnet, iliyoondoka Januari 1841, kwa hiyo aliyoyaandika alikuwa ameyashika kwa mikono yake. Watu huijua riwaya hii kwa nyangumi mweupe na Nahodha Ahab aliyekatwa mguu, lakini mimi huwaelekeza wasomaji wapya kwenye sura ambayo nyangumi hayumo kabisa, ile ambayo Ishmael, msimulizi, anakwenda kuomba kazi. Katika meli zile hapakuwa na mshahara, bali kila mtu alipewa fungu lake katika faida ya safari. Wenye meli wawili wazee, Peleg na Bildad, wanabishana mbele yake. Bildad, aliyeinamia kitabu chake cha dini, anapendekeza kijana apewe fungu moja katika mafungu 777, Peleg anamkemea, na mwishowe Ishmael anaandikiwa fungu moja katika 300, naye alikuwa akitumaini angalau moja katika 275. Baadaye anafika rafiki yake Queequeg, mtu wa visiwa vya mbali ambaye wazee wale wanamdharau kwa kuwa si Mkristo. Queequeg anawaonyesha tone dogo la lami linaloelea majini, anarusha chusa, analifuta tone lile, na papo hapo anapewa fungu moja katika 90. Dharau yote imekwisha kwa sababu ustadi wake una bei.

Wazee wetu waliosafiri na majahazi ya biashara wangeielewa sura hii bila ya kufafanuliwa. Katika majahazi mengi baharia hakuwa na mshahara pia. Gharama za safari zilitolewa kwanza, mwenye chombo akachukua sehemu yake kubwa, kisha kilichobaki kikagawanywa kwa mafungu, na fungu la nahodha halikuwa sawa na la mpishi. Alan Villiers, baharia na mwandishi kutoka Australia aliyesafiri mwaka 1938 na 1939 katika jahazi la Kuwait lililofika Unguja na kuingia Rufiji kupakia boriti, aliona jambo jingine lililofuatana na hilo, nalo ni deni: baharia anadaiwa na nahodha, nahodha anadaiwa na tajiri, na kila msimu wanaondoka ili walipe deni la msimu uliopita. Naliona deni hilo kuwa kisa cha riwaya kikubwa kuliko dhoruba yoyote, kwa sababu dhoruba hupita.

Wala ulimwengu ule wa Melville haukuwa mbali na bandari yetu. Marekani ilitia saini mkataba wa biashara na Seyyid Said mwaka 1833, na balozi mdogo wa kwanza wa Kimarekani, Richard Waters, alianza kazi hapa Unguja mwaka 1837. Meli zao za nyangumi zilitia nanga hapa. J. Ross Browne, aliyekuwa baharia katika mojawapo, alichapisha mwaka 1846 kitabu cha safari yake chenye maelezo ya ukaaji wake Zanzibar, na mmoja wa waliokihakiki magazetini mwaka 1847 alikuwa Melville mwenyewe. Maana yake ni kwamba kabla ya kuiandika Moby-Dick, mwandishi yule alikwisha kusoma habari za mji huu.

Ningependa kusikia kutoka kwenu: mmesoma zipi, na mnaonaje suala la kazi ya chombo?

Mchangiaji (Wete, Pemba)

Waalaykum salaam, Maalim. Nashukuru kwa uzi huu. Mimi ni mtu wa boti na majahazi kwa upande wa baba na wa mama, na kitabu hicho nilikianza kwa hamu, lakini nilikwama kwenye sura za aina za nyangumi, mifupa yao na vichwa vyao. Sura ni 135, na nyingi miongoni mwake hazisogezi hadithi hata kidogo. Je, si haki kwa msomaji kuziruka? Huo ndio upungufu wa mwandishi anayejua kazi sana: anataka kutufundisha yote aliyoyajua.

Mwanzisha uzi

Ami yangu, swali lako ni la haki na silijibu kwa kukutisha na ukubwa wa jina la kitabu. Zipo sura ambazo mtu akizipita kwa kasi katika usomaji wa kwanza hakupoteza kitu. Ila nakuomba usiipite sura ya 96, inayoeleza jinsi wanavyoyeyusha mafuta ya nyangumi usiku. Pale juu ya sitaha kuna majiko ya matofali yenye masufuria makubwa, na moto wake unalishwa kwa makapi ya nyangumi yule yule anayeyeyushwa, hivyo mnyama anaungua kwa mafuta yake mwenyewe. Ishmael yuko kwenye usukani. Anautazama moto kwa muda mrefu mno, usingizi unampitia, na anapozinduka hauoni tena moto wala dira. Anachokiona mbele yake ni giza tupu. Kumbe alipokuwa amesinzia alijigeuza, akawa ameipa omo mgongo na kuitazama tezi, nyuma ya meli, na kidogo tu angeigeuza meli vibaya kwenye upepo na kuipindua. Kwa mtu wa ukoo wa mabaharia kama wewe, nywele zitasimama. Kosa lile ni la kazi hasa, na bado ndani yake mna maelezo ya hatari ya mtu kuyatazama maovu mpaka yakamgeuza, na yamesemwa bila mahubiri marefu. Bila zile sura za masufuria na mafuta zinazoitangulia, usiku ule usingekuwa na uzito.

Mwalimu (Chake Chake, Pemba)

Assalaam alaykum. Nami nachangia kama mwalimu wa fasihi wa muda mrefu.

Nakubaliana na Maalim kuhusu kazi ya chombo, lakini nina dukuduku. Riwaya hizi zinazosifiwa zinatuonyesha kazi ya nahodha na maofisa, na pengine ya mabaharia, lakini walio ndani ya ngama, tumbo la meli panapowekwa mizigo, hatuwasikii. Chukueni Lord Jim ya Joseph Conrad, iliyotoka mwaka 1900. Conrad alikuwa Mpolandi aliyefanya kazi miaka mingi katika meli za biashara za Uingereza, na sina shaka na ujuzi wake. Kisa chake kimetokana na tukio la kweli: meli iitwayo Jeddah, iliyokuwa imebeba mahujaji zaidi ya 900 kutoka Singapore na Penang mwaka 1880, ilipata dhoruba na kuingia maji karibu na Ras Guardafui, huku huku kwenye pembe yetu ya Afrika. Nahodha na maofisa wake walishuka kwenye mashua ya kuokolea wakawaacha mahujaji, wakachukuliwa na meli nyingine, wakafika Aden wakitoa habari kwamba Jeddah imezama. Siku iliyofuata Jeddah ikaingia Aden ikivutwa na meli nyingine, abiria wakiwa hai.

Katika riwaya, meli inaitwa Patna na mahujaji ni 800. Conrad anaandika kurasa kwa kurasa juu ya aibu ya kijana Jim aliyeruka, na aibu ile ameieleza kwa namna ambayo sijaiona kwa mwandishi mwingine. Lakini wale 800, Waislamu waliotoka makwao kwa nia ya Hija, wamelala tu sitahani. Walifanya nini asubuhi walipoamka wakakuta daraja la nahodha halina mtu? Nani alisimama kuwatuliza? Nani aliongoza sala? Katika tukio la kweli abiria walisaidia kuyatoa maji yaliyoingia melini, na hiyo ni kazi ya chombo kama kazi yoyote. Wanafunzi wangu wa Pemba huniuliza maswali haya kabla hata sijayauliza mimi, na naona wana haki ya kuyauliza.

Mchangiaji (Wete, Pemba)

Mwalimu amegusa pahala penye jeraha. Sisi huku, tangu MV Spice Islander ilipozama karibu na Nungwi usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikija Pemba, si rahisi kuisoma habari ya meli iliyojaa watu waliolala kama hadithi tu. Zipo nyumba nyingi ambazo jina la meli ile halitajwi. Sisemi kwamba isiandikwe riwaya juu ya msiba kama ule, bali nasema atakayeiandika ajue kwamba wasomaji wake wa kwanza watakuwa ni wafiwa.

Mwanzisha uzi

Mwenyezi Mungu awarehemu wote na awape subira waliobaki. Ulilolisema, ami, lingefaa kuandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la mwandishi yeyote wa bahari katika visiwa hivi.

Mwalimu, nakubali dukuduku lako bila ya kuipunguza hadhi ya Conrad. Hata katika kisa chake kingine kizuri cha kimbunga, cha mwaka 1902, wafanyakazi 200 wa Kichina waliomo ndani ya meli wanaonekana zaidi kama mzigo unaobiringika kuliko kama watu. Mwandishi wa Kihindi Amitav Ghosh alianza kuliziba pengo hilo katika Sea of Poppies ya mwaka 2008, riwaya ya meli Ibis, iliyowahi kubeba watumwa na sasa, mwaka 1838, inawapeleka vibarua wa Kihindi Morisi. Humo sarahangi, yaani msimamizi wa mabaharia, na watu wake wana sauti, hila, lugha yao na heshima yao, na wanawake waliomo ndani ya ngama ndio wanaoibeba hadithi.

Katika Kiswahili, aliyelisogelea jambo hili kwa karibu zaidi kwa maoni yangu ni Adam Shafi katika Kuli ya mwaka 1979. Najua baadhi yenu mtasema hiyo ni riwaya ya gatini na si ya baharini, na kweli Rashidi na wenzake hawang'oi nanga. Lakini mizigo, kamba, matishali, jua, ujira mdogo na mgomo mkubwa wa mwaka 1948 vimeandikwa na mtu anayejua kwamba meli haiendi popote bila mabega ya watu. Ninachokitamani ni riwaya ya Kiswahili inayoondoka pale Kuli ilipobakia: imalize kupakia, itweke tanga, na iende.

Mwalimu (Chake Chake, Pemba)

Na By the Sea ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka mwaka 2001, unaiweka wapi? Mimi ningeihesabu kuwa riwaya ya bahari. Saleh Omar anapoeleza jinsi wafanyabiashara walivyokuja kila mwaka na pepo za musimu kutoka Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi, na yule Hussein wa Bahrain anayemwachia kijaluba cha udi-al-qamari, udi wa kunukiza, naiona bahari nzima imekaa ndani ya kijaluba hicho.

Mwanzisha uzi

Umekieleza vizuri kuliko ambavyo ningekieleza mimi, Mwalimu, na kitabu kile nakipenda mno. Lakini bado ningekiita riwaya ya yale ambayo bahari huyaleta na kuyachukua. Msimulizi ni mtu wa dukani, anawapokea wanaoshuka chomboni. Hatujui Hussein alilala wapi safarini, alikula nini, wala alimlipa nahodha kiasi gani. Hilo si kosa la Gurnah, kwa kuwa hakukusudia hayo. Naona tu kwamba fasihi yetu imekuwa hodari sana wa kusimulia mlangoni na bandarini, na sitaha tumewaachia wengine.

Tena tulikuwa na pa kuanzia zamani mno. Katika kitabu cha Kiarabu cha karne ya 10 kinachokusanya maajabu ya nchi za Hindi, kinachonasibishwa na nahodha Buzurg bin Shahriyar, kipo kisa kinachowahusu hasa watu wa Pemba. Mwaka 310 Hijria, yaani 922, nahodha mmoja aitwaye Ismailawayh aliondoka Oman kwenda Kanbalu, ambayo wanahistoria wengi wanaielekeza Pemba. Dhoruba ikamsukuma mpaka Sofala. Mfalme wa huko akawapokea kwa wema na biashara ikaenda vizuri. Siku ya kuondoka mfalme akapanda chomboni na wenzake saba kuwaaga. Nahodha akapiga hesabu kichwani: kijana huyu sokoni Oman hapungui dinari 30. Akaamuru tanga litwekwe, na waliokuja kuaga wakauzwa.

Miaka ikapita, na dhoruba nyingine ikamrejesha nahodha yule yule pahala pale pale. Akapelekwa mbele ya mfalme, na mfalme ni yule yule! Alikuwa ameuzwa, akajifunza dini Basra, akauzwa tena na kupelekwa Baghdad, akatoroka na mahujaji mpaka Makka, akapitia Misri na kuufuata mto Nile mpaka akarudi kwenye ufalme wake. Akawasamehe, kwa kuwa wao ndio waliokuwa sababu ya Uislamu wake. Lakini kuwasindikiza hadi chomboni kama zamani, alikataa.

Kwangu mimi kukataa kule ndiko kunakoifanya hekaya ile kuwa fasihi. Msamaha ameutoa wote, na mguu wake hautii tena chomboni. Ni kurasa chache tu, lakini humo mna riwaya kamili ya kurasa 400, na msimulizi wake afaaye ni mmoja wa wale saba ambao hekaya haituambii waliishia wapi.

Mchangiaji (Mkokotoni, Unguja)

Shikamooni. Nimewasoma nyote kwa makini, na kaka mwanzisha uzi, mimi ni mmoja wa wanaojaribu kuandika. Kwa muda sasa nimekuwa nikikusanya habari za Sultana, meli ya Seyyid Said iliyokwenda New York mwaka 1840 chini ya Ahmad bin Naaman. Shida yangu ni mbili. Ya kwanza, mimi ni mwanamke na sijawahi kufanya kazi kwenye jahazi. Je, nitaambiwa nimekaa ufukweni? Ya pili, nikitumia maneno ya kazi, kama foromali, demani, deheni na ngama, wasomaji vijana wa mjini hawatanielewa, na nikiyaacha nitakuwa nimeandika meli isiyo na kamba.

Mwanzisha uzi

Marahaba, dada yangu. Umechagua pahala pazuri sana.

Kwa shida ya kwanza, ujuzi wa kazi hupatikana pia kwa kusikiliza, na wewe uko Mkokotoni, ambako vyombo vinashuka na kupanda kila siku na Tumbatu iko mbele yako. Marehemu Haji Gora Haji, mwana wa Tumbatu aliyewahi kuwa baharia na mvuvi, alituachia katika Kimbunga ya mwaka 1994 tungo ambazo ndani yake lugha ya watu wa bahari imehifadhiwa ikiwa hai. Zisome kwa sauti. Kisha kaa na fundi anapokalafati mashua, yaani anapoziba mianya yake, umuulize kwa nini pamba inaingia hapa na si pale, na uandike jibu lake kama alivyolisema.

Kwa shida ya pili, usiyaache maneno hata moja, na usiyafafanue. Mpe msomaji mkono unaoivuta demani, umwonyeshe tanga linavyojaa, naye ataijua demani ni nini. Melville hakuwaomba radhi watu wa mjini.

Kuhusu Sultana yenyewe, umeshapata mpango wa hadithi kutoka kwa upepo. Iliondoka Unguja mwezi wa Februari, kaskazi ingali inavuma na kuisukuma kusini kuelekea Rasi ya Tumaini Jema, ikafika New York tarehe 30 Aprili ikiwa na pembe, karafuu, kahawa, tende na ngozi. Watu wa mji walifurika bandarini kuwatazama mabaharia. Ahmad bin Naaman alichorwa picha ya rangi na Edward Mooney, na uso ule, na kilemba chake, umetufikia hadi leo. Kwa hiyo yeye anajulikana. Mimi ningemtafuta asiyechorwa. Meli ilikaa New York hadi Agosti ikifanyiwa matengenezo, na mabaharia wake wakawa katika mji wa ugenini wasiouzoea, wakiwa hawajui watarudi lini wala wamepata kiasi gani. Anzia kwa mpishi, kwa mfano, kwa sababu mpishi ndiye anayejua chakula kimebaki cha siku ngapi, na ndiye wa kwanza kujua nahodha anaposema uongo juu ya urefu wa safari.

Mchangiaji (Mkokotoni, Unguja)

Nashukuru, kaka. Nilikuwa nimeanza na Ahmad bin Naaman, nikawa sipati namna ya kumfanya aogope. Mpishi nitampata. Je, kwa vyombo vya wakati ule, moto wa jikoni uliwashwa wapi?

Mchangiaji (Wete, Pemba)

Mwanangu, kwa meli kubwa kama Sultana sitaki kukwambia nisilolishuhudia. Kwa majahazi niliyoyapanda mimi, moto uliwashwa sitahani ndani ya kasha la mbao lililotiwa mchanga au udongo, na liliwekwa upande usiopigwa na upepo, kwa hiyo chombo kilipogeuza tanga mpishi naye alilazimika kuhama na sufuria lake likiwa bado linachemka. Bahari ikichafuka moto ulizimwa, na watu walikula tende na maji. Ukitaka kujua mengine, niandikie kwa ujumbe wa faragha, nitakuulizia kwa ndugu zangu wawili ambao bado wako hai na waliwahi kufika Mombasa na Lamu kwa tanga.